Kitalu cha babu kule bondeni Lushoto: miche safi, udongo safi, ila ukienda funga mdomo

Nianze na nyota kabisa maana najua wengine mnasoma mistari miwili mnasepa. Miche nampa nyota nne na nusu, udongo wa kupandia tano bila ubishi, bei nne, mdomo wa mwenye kitalu hapo sasa sijui niweke ngapi, kwa sababu ndo kasoro kubwa ya pale lakini haki ya Mungu nusu ya wateja wasingeshuka lile bonde kama babu angekuwa mtu wa kunyamaza. Jina silitaji, na hata ningetaka kulitaja hakuna kibao. Ukifika Lushoto mjini muulize bodaboda yoyote akupeleke kwa babu wa miche atakupeleka, na njiani atakuuliza wewe uko upande wa nani.

Kwa wasioujua huu mji, niwaambie kwanza tunaishije ndo mtaelewa kwanini mtu mzima anaweza kugombana na jirani kisa ua. Lushoto iko juu milimani, mita kama 1,400 kutoka usawa wa bahari, unapanda kutoka Mombo kilomita zaidi ya thelathini za kona mpaka masikio yanaziba. Mwezi wa sita mpaka wa nane baridi inakung'ata, asubuhi ukungu umekaa mpaka hauoni geti la jirani (ingawa la jirani ndo la kwanza tunalotafuta ukipungua). Wajerumani walipapenda mpaka wakapaita Wilhelmstal, jina la mfalme wao, na huku ukichomeka kijiti chochote kinaota. Dalia, jeraniamu, haidrenjia, waridi, vitu ambavyo Dar vinakufa kwa joto kabla hujamaliza kumwonyesha shangazi, huku vinajiotea tu. Sasa mtu anastaafu, watoto wameshaondoka, televisheni haina jipya, anabakiwa na jembe, ndoo na jirani. Unategemea nini?

Turudi kwenye kitalu. Kiko chini karibu na kijito, ametandaza neti nyeusi ya kivuli juu ya miti ya mikaratusi, chini kuna matuta yenye viriba (vile vimfuko vya plastiki vya kuoteshea miche) vimepangwa kwa mistari utadhani wanafunzi asubuhi paredi. Upande wa kulia maua, kushoto miti ya matunda na parachichi za kubebesha, nyuma kule kwenye unyevunyevu anaweka vile vya kivuli. Cha kwanza ninachompendea ni kwamba hauzi mche uliotoka kwenye kivuli moja kwa moja. Anautoa taratibu nje, wiki ya kwanza asubuhi tu, baadae mchana kutwa, mpaka uzoee jua, ndo anakuuzia. Vitalu vingine unabeba mche unang'aa kijani, ukifika nyumbani siku mbili umelala chini na wewe unaanza kumsingizia jirani kaumwagia maji ya moto.

Ukitaka kujua kama mche ni mzima usiangalie maua, geuza kiriba uangalie chini. Vitobo vya chini mizizi myeupe iwe inachungulia kidogo, sio imetoka imejisokota ikawa kamba. Babu mwenyewe ndo anakugeuzia, hana neno. Ukikuta umejisokota anakwambia huu umekaa sana mwanangu, chukua ule. Kwa biashara za siku hizi hiyo ni roho nyingine kabisa.

Udongo wake nao. Mchanganyiko anaouza kwa ndoo ni ule wa kawaida wa vitaluni, debe tatu za udongo wa juu, mbili za samadi, moja ya mchanga, wala sio siri, siri iko kwenye samadi. Anairundika anaifunika na majani ya mgomba anaisahau, na haiuzi mpaka iwe haina harufu. Atakushikisha mkononi unuse, ukikunja uso anairudisha kwenye lundo. Ndoo kubwa nilinunua 1,500. Miche ya maua ya kawaida kwenye kiriba kidogo 1,000, haidrenjia kiriba kikubwa 3,000, waridi la kubebesha 5,000 ukiwa na lugha nzuri. Ukiwa na lugha mbaya kuna bei ya mwalimu nitaieleza huko mbele.

Alafu kuna hili la viriba lilinichekesha sana enzi hizo. Mwaka 2019 mwezi wa sita serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, mji mzima ulijua na viriba vimekwenda na rambo. Watu wakaanza kuotesha kwenye makopo ya rangi, kwenye vifuu, nyumba moja hapo juu walitumia mpaka gambuti. Babu yeye alishaulizia mapema akaambiwa vya kilimo vinaruhusiwa, akanyamaza (ndo mara pekee nimesikia amenyamaza), akanunua vya wote waliokuwa wanavitupa.

Basi tuje kwenye mdomo.

Babu anauza miche lakini pia anapita majumbani kupogoa, kubebesha waridi, kupulizia dawa ubwiri unga na vidukari, unamlipa elfu kumi kwa nusu siku na chai. Kazi yake ya mikono safi sana. Mwaridi anakata kwa mshazari juu kidogo ya jicho linaloangalia nje ili tawi jipya liende nje lisijazane katikati, hachani gome, na mkasi anaufuta na spiriti kila akihama shina ili asihamishe ugonjwa. Anachohamisha ni habari. Akiwa kwako anakuhadithia ya bustani ya kule, akienda kule anahadithia ya kwako, na hadithi yenyewe hatii chumvi, yani hapo ndo penye ubaya, anasema ukweli mtupu. "Mama fulani ameagiza viazi vya dalia nyeupe kutoka Arusha." Basi. Amesema hivyo tu, anaendelea kupogoa, wewe moyo unakwenda mbio.

Mfano mzuri ni ile kesi ya haidrenjia, ambayo mji mzima tuliifuatilia na mpaka leo haijaisha.

Kuna mwalimu mstaafu wa baiolojia nyumba yake iko juu kwenye mteremko, chini yake kuna mama mwenye duka la dawa. Mwalimu ni mtu wa dalia, ana kaunta buku kaandika kila kiazi kilipandwa lini na kilitoa ua la sentimita ngapi, na anapima kweli kwa rula, nimemwona. Mama wa duka la dawa ni haidrenjia. Ana safu nzima kuanzia getini mpaka kwenye veranda, vichwa vya duara vikubwa vimebanana, bluu ile ya kutisha, maharusi wanatoka mpaka Korogwe kupiga picha pale. Na zamu ya maua ya madhabahuni ikifika kwake, jumapili hiyo mchungaji anahubiri watu macho yako kwenye vyungu.

Sasa bluu ile haiko kwenye mbegu, iko kwenye udongo. Haidrenjia za rangi (nyeupe hazimo) zikiwa kwenye udongo wenye asidi zinanyonya aluminiamu kutoka ardhini ua linatoka bluu, udongo ukipoteza asidi, aluminiamu inakuwepo lakini mmea hauwezi kuichukua, ua linatoka pinki. Udongo wetu huku mwingi ni wa asidi ndo maana bluu tunayo bure. Ukitaka kuiharibu bluu ya mtu huhitaji sumu wala mganga, ni majivu tu au chokaa, na uvumilivu, maana ua lililochanua halibadiliki, unasubiri maua yajayo.

Mwaka jana baada ya masika haidrenjia za mama zikachanua, na zile za upande wa ukutani zikatoka pinki. Sio zambarau, pinki! Mama wa watu alikaa kwenye ngazi akashika shavu.

Kumbe masika yote mwalimu alikuwa anamwaga majivu ya jikoni kuzunguka dalia zake kwa ajili ya konokono, na hilo ni jambo la kawaida, konokono wetu wakati wa mvua wanamaliza chipukizi la dalia usiku mmoja. Ila mvua ikinyesha majivu yanakwenda wapi? Yanashuka. Na nani yuko chini? Na nani alimwambia mama kwamba mwalimu ananunua majivu ya ziada kwa mama ntilie kwa ndoo? Eeh. Alikuwa anapogoa, akasema tu.

Mama akapanda juu na khanga kiunoni. Mwalimu akajitetea kisayansi, akashuka na futi kamba, akapima mbele ya watu, akaonyesha kwamba zilizogeuka ni zile tu zilizo karibu na ukuta mpya wa uzio, ambao mama mwenyewe aliujenga mwezi wa kumi na mbili akaupaka chokaa nyeupe, na kwamba saruji na chokaa zikinyeshewa zinachuruzika kwenye udongo, kwa hiyo mhalifu ni fundi wake. Za katikati bluu kama kawaida. Tukasema aaah, mwalimu ameshinda. Mama akasema sawa, na mfereji wa maji yanayotoka kwako unapita wapi? Unapita pembeni ya ukuta. Tukasema aaah.

Basi hapo ndo utamjua babu wetu kibiashara. Mama akashuka kwake kuuliza dawa ya kurudisha bluu, akamuuzia shabu, ile ile mnayosafishia maji ya kunywa, ina aluminiamu ndani na inaongeza asidi, unaiyeyusha kwenye maji unamwagilia kidogo kidogo, ukizidisha unaunguza mizizi. Shabu sokoni imejaa tele lakini mama asingeweza kuonekana sokoni ananunua shabu, si angekuwa amekiri kwamba bluu yake sasa ni ya kutengeneza. Kwa hiyo ananunua bondeni kwa bei ya babu. Wiki hiyo hiyo mwalimu alishuka kununua chokaa ya kilimo. Ya dalia, alisema. Babu akampimia, akampa risiti, na kesho yake alikuwa na kazi ya kupogoa kwa mama. Huyu mzee anauza silaha pande zote mbili za vita na jioni anasali vizuri tu.

Sasa sikilizeni ilivyogeuka. Mwezi wa nane anakuja mama wa bibi harusi, rangi ya harusi yao pinki na kijivu, amezunguka kote hajapata, anafika kwa mama wa duka la dawa anaona zile za ukutani anapiga kelele. Anataka zote. Anatoa hela ambayo bluu haijawahi kutolewa. Picha zikapigwa pale ukutani, zikakaa kwenye stetasi za watu wiki nzima, wakaja wengine wawili kuulizia pinki ya Lushoto.

Unadhani mama afanye nini? Ameshamshtaki mwalimu mji mzima unajua, ameshapeleka mpaka kwa mwenyekiti wa mtaa kwamba ameharibiwa maua, hawezi kugeuka leo aseme pinki nzuri. Kwa hiyo mchana bado ana kinyongo, na jioni kimyakimya shabu ameacha. Nasikia sasa ananunua chokaa. Nasikia wapi? Wewe unafikiri wapi!

Na mwalimu, yule yule aliyeshuka na futi kamba kuapa kwamba majivu yake hayahusiki, alipoona picha za harusi akaanza kusema kwenye vijiwe kwamba mnajua ile pinki kitaalamu ilisababishwa na majivu, na majivu yalikuwa ya nani? Anataka atambulike. Mama naye sasa ndo anashikilia ni ukuta. Wamebadilishana hoja zote, kila mmoja anatetea alichokuwa anakipinga, na hakuna hata mmoja anayeona aibu.

Hiyo bei ya mwalimu ni hivi. Mwalimu akifika kitaluni hasemi nataka jeraniamu, anasema jina la kilatini, tena anamsahihisha babu mbele ya wateja, kwamba hiyo unayoiita jeraniamu kitaalamu ni Pelargonium. Na kweli ni Pelargonium, mwalimu hakosei. Babu anaitikia vizuri ndio mwalimu, asante mwalimu, na kila jina la kilatini anaongeza mia tano. Siku moja mwalimu alitoka na miche mitano kwa bei ya saba, ameridhika kabisa.

Kuhusu dalia nilalamike kidogo, maana nisije nikaonekana nimehongwa. Babu anauza viazi vya dalia kwenye boksi bila kutenganisha rangi vizuri. Ameandika kwa kalamu ya mafuta kwenye vipande vya mabati, mvua imefuta, anakisia. Nilichukua nyeupe ikatoka damu ya mzee. Nzuri, lakini kitanda kizima nilikipanga cha nyeupe na njano, na jirani yangu akapita akasema "umeamua kuchangamsha" kwa sauti ile ya pole. Nilipomrudia babu akasema maua hayana adabu mwanangu, akanipa kiazi kingine bure. Sio jibu la biashara hilo. Ila cha kumsifu, hauzi kiazi kipofu. Wengi hawajui, kiazi cha dalia hakichipui popote popote kama mbatata, jicho liko juu kwenye shingo pale kilipounganika na shina la zamani, kikivunjika shingo kinaweza kuwa kinene kama ngumi na kisitoe kitu, kinaoza tu. Kabla ya kulipa shika kiazi, tafuta kinundu shingoni. Kwenye gulio utauziwa rundo zima halina hata jicho moja.

Mteja mwingine maarufu ni mzee mmoja mchagga, alikuwa dereva wa mabasi hizi kona za Mombo miaka na miaka, sasa amestaafu amehamishia umakini wote kwenye ukoka. Hana ua hata moja. Ni ukoka tu, kapeti, anaukata kwa mkasi kwenye kingo akiwa amepiga magoti, na wageni wanapita kwenye mawe aliyowapangia, ukikanyaga pembeni anakutazama tu mpaka unajiondoa mwenyewe. Amepakana na mwalimu upande wa pili. Mbuzi wa huyu mzee aliwahi kuvuka akala dalia za mwalimu, tena zile za kwenye kaunta buku, na mzee hakuomba radhi kwa sababu alisema uzio ulikuwa wa mwalimu na ulikuwa mbovu.

Baadae mzee akashuka kwa babu akachukua mafungu ya masale akapanda mstari mzima mpakani. Wachagga mnajua, sale kwao ni alama ya mpaka, na pia mtu aliyekukosea akikuletea jani la sale kuomba msamaha hutakiwi kukataa. Mwalimu naye anajua, kasoma. Akaamka asubuhi akaona masale, akavaa koti, akatoka barabarani wakati watu wanakwenda sokoni akasema kwa sauti, "Jirani, nimeyapokea. Nimekusamehe."

Mzee alibaki na mkasi mkononi. Akisema hayakuwa ya msamaha, ameonekana hajutii mbuzi. Akisema yalikuwa ya msamaha, basi sio mpaka, na mstari wenyewe mwalimu anadai umeingia kwake kama hatua moja. Yamebaki hivyo hivyo, yanazidi kunenepa, hakuna anayeyang'oa. Nilimuuliza babu kama aliyauza ya mpaka au ya msamaha, akasema bei ni moja.

Sasa kitu ambacho kwa maoni yangu kinatosha kukutoa nyumbani ni ile kona ya nyuma ya kivuli. Kule kuna ua letu wenyewe. Mwaka 1892 mkuu wa wilaya wa Kijerumani, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, alilikuta kwenye milima yetu hii ya Usambara, akatuma Ujerumani, mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland akaliita Saintpaulia ionantha, kwa jina la huyo baroni. Leo liko kwenye madirisha dunia nzima, Wajerumani bado wanaliita la Usambara, na sisi tulio Usambara ukiuliza watu kumi ua la nyumbani wanakuonyesha waridi. La porini ni marufuku kwenda kung'oa hifadhini, na ni sawa kabisa, yamebaki machache kwenye miamba ya kivuli huko msituni. Haya ya babu ni yale ya vyungu yaliyochanganywa huko nje yakarudi.

Lilivyofika mjini kwetu ni aibu tupu. Mama mmoja wa kwaya alinunuliwa hilo ua na mwanae Dar, barabarani, akalipakata kwenye basi kuanzia Chalinze mpaka Segera mpaka Mombo, kona zote zile za Soni amelikumbatia na kitenge, anaogopa upepo. Ua la Usambara limepanda Usambara kwa nauli. Akaliweka sebuleni mezani juu ya kitambaa cha kufuma, akakaribisha wanawake wa kwaya chai walione.

Shida ya lile ua ni kwamba halihitaji mbegu wala tawi. Jani moja tu na kikonyo chake, unachomeka kwenye mchanga wenye unyevu, unasubiri wiki kadhaa linatoa mizizi, baadae vinachipuka vimiche vidogo pale chini. Jani moja! Kwenye chumba chenye wanawake kumi na wawili wenye mikoba! Siku ya pili mama wa kwaya alihesabu majani akanywa panadoli. Huku kuna imani kwamba ua la kuomba halishiki, la kuiba ndo linashika, na sijawahi kuona kanisa linakemea hilo. Miezi iliyofuata kila nyumba ukiingia kuna kachungu kadirishani kana majani ya manyoya, na kila mwenye nyumba anakwambia amenunua kwa babu. Babu ukimuuliza, wakati huo alikuwa hajawahi kuwa nalo. Alilipata baadae, na alilipata kwa jani, na jani alilitoa wapi siulizi, mzee anapogoa majumbani.

Ukilinunua kwake (5,000 na chungu cha udongo) atakwambia usilimwagilie juu ya majani kwa maji ya baridi, yanapata madoa ya duara hayatoki tena. Weka maji kwenye kisahani chini, linyonye lenyewe, alafu maji yaliyobaki mwaga. Jua la moja kwa moja halitaki, giza halitaki. Langu liko dirisha la mashariki nyuma ya pazia jepesi na linachanua karibu mwaka mzima. Wageni nawakaribishia uani.

Mengine ya haraka. Njia ya kushukia wakati wa masika ni utelezi mtupu, vaa gambuti, amechonga ngazi za udongo lakini mvua mbili tu zinakuwa slaidi. Malipo anapokea kwa simu ila mtandao kule bondeni unasumbua, atakutuma upande juu kwenye mparachichi ndo meseji iingie, kwa hiyo beba keshi. Choo hakuna. Mbwa yupo, haumi, ila anapenda kulala kwenye viriba vya petunia na hakuna anayemfukuza. Kama unabeba miche mingi usiipakie kwenye bodaboda wima, upepo wa njiani unakausha majani, ilaze kwenye boksi ufunike na gazeti lenye unyevu. Ijumaa anafunga mchana kwenda kuswali, jumapili anafungua lakini wateja wanajaa baada ya ibada, na hapo utasikia yote, maana kila mtu ametoka kuangalia maua ya madhabahuni na ana la kusema. Mimi napenda alhamisi asubuhi, yuko peke yake, anaongea polepole, unapata na kikombe cha chai ya rangi.

Ukimuuliza swali jibu litakuwa sahihi, ila na swali lenyewe litatembea. Ukitaka kupanda kitu watu wasijue, sema unanunulia dada yako wa Tanga. Hataamini, lakini atakayoyasema huko ni kwamba umemnunulia dada yako wa Tanga.

Jumla nampa nyota nne. Ile moja nitaiongeza siku akirekebisha vibao vya dalia. Na mkifika kule msiseme mmesoma hapa wala msinitaje, kuna waridi jeusi jeusi nimemwekea oda nalilipia mwisho wa mwezi, mama wa duka la dawa bado hajui kama lipo.